Gunia ni Nini?

Kila mtu kati ya Njombe na Makambako analijua neno gunia, na bado watu wawili wakikutana shambani hawakubaliani maana yake. Mkulima wa viazi mviringo akisema gunia, ana maana ya mfuko uliojaa hadi mdomoni. Mnunuzi akilitamka, ana maana ya mfuko huohuo uliojaa, kisha ukaongezewa kichwa cha viazi na kushonewa kamba juu. Hiyo ndiyo lumbesa. Bei inabaki ya gunia moja. Wakala wa Vipimo unaikataza na unataka mzigo usizidi kilo 100, lakini neno linaendelea kunenepa.

Mkulima naye si malaika. Wapo wanaopanga viazi vikubwa juu na vidogo chini, na wote wakaitwa daraja la kwanza.

Siku hizi zinatengenezwa programu za kompyuta zinazojadiliana zenyewe kwa niaba ya watu, moja ya muuzaji, nyingine ya mnunuzi. Kabla ya kufika kwenye bei, sharti zikubaliane maana ya maneno. Kila moja imeagizwa kumtafutia bwana wake faida. Kwa nini basi iseme kweli kuhusu gunia, ilhali uongo kidogo unalipa?

Wanauchumi wana jibu la tangu zamani. Mwaka 1961 William Vickrey alieleza mnada wa siri ambao mshindi hulipa bei iliyotajwa na mtu wa pili; hapo hakuna anayefaidika kwa kutaja thamani tofauti na ile aliyonayo moyoni. Watoto wana namna yao: mmoja akate muwa, mwingine achague kipande. Kwa maneno, kanuni ingekuwa hivi: anayetoa maana ya gunia asijue kama atalitumia kununua au kuuza. Mfanyabiashara wa lumbesa hununua kwa gunia Njombe, kisha mjini viazi vinauzwa kwa kilo au kwa sado. Haishi na neno lake pande zote mbili, ndiyo maana analinyoosha.

Wapo watakaosema ukweli wa namna hiyo si uadilifu, ni hesabu tu. Nakubali nusu. Programu haina dhamiri. Lakini mkulima aliyelipwa kilo zake zote hatapeleka dhamiri ya mnunuzi dukani, atapeleka fedha. Kinachonisumbua ni kingine. Mizani ipo, sheria ipo, na lumbesa ipo, kwa sababu viazi vilivyochimbwa huoza na mahitaji ya shule hayangoji. Mwenye shida hukubali maana ya mwenzake. Kanuni nzuri ya mazungumzo haimsaidii asiyeweza kusema: basi, rudi na gari lako tupu.

Kule Mchuchuma, wilayani Ludewa, kuna makaa ya mawe zaidi ya tani milioni 400. Tani nayo ni neno. Makaa yaliyolowa ni mazito kuliko makavu, na yatakayobaki majivu hupimwa pamoja na yatakayowaka. Huenda siku moja programu ndizo zitakazoyajadili. Kabla hatujauliza kama programu hizo ni za kweli, tuulize ni nani kati ya waliozituma anayeweza kuondoka mezani bila kuumia.