Kodi Ionekanayo na Kodi Iliyofichwa

Serikali, iwe ya mfalme au ya rais, aghalabu haina shamba wala duka la kuitosha. Itakacho kukitumia lazima ikitwae kwa watu. Juu ya jambo hili wenye elimu hawagombani. Wagombanapo ni juu ya namna ya kutwaa. Na kila nchi inapotengeneza upya kodi zake, maswali mawili huulizwa kwa sauti kubwa: nani alipe, na alipe kiasi gani. Lipo swali la tatu linaloulizwa kwa sauti ndogo, au lisiloulizwa kabisa: je, yapasa mlipaji ajue kwamba amelipa? Huonekana kuwa swali la makarani na madaftari yao. Kwa hakika ni swali la heshima ya mtu, na habari za kodi katika Tanganyika, na baadaye Tanzania, zaweza kusomwa zote kama safari ndefu kutoka kodi iliyoonekana mno hadi kodi isiyoonekana kabisa.

Lugha yenyewe imehifadhi dalili. Neno ushuru limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni fungu la kumi. Aliyeambiwa zamani atoe ushuru aliambiwa na kiasi chake kwa neno lilo hilo; kipimo kilikuwa ndani ya jina. Siku hizi ushuru waweza kuwa kiasi chochote, na kipimo kimehamia katika majedwali ya sheria, mahali ambapo ni watu wachache waendao kutazama.

Kodi ya nyumba iliyoletwa na Wajerumani kwa amri ya mwaka 1897 haikuwa na siri. Nyumba ya kijijini ilitozwa rupia 3. Akida au jumbe alifika mlangoni, mwenye nyumba alitoa au hakutoa, na asiyetoa alijua kwamba deni lake litalipwa kwa jasho lake. Kodi haikuwa sababu pekee ya vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, kwani kilimo cha pamba cha kulazimishwa kilichoma labda zaidi. Lakini ilikuwa miongoni mwa sababu, na watu waliweza kuitaja kwa jina. Waingereza waliiendeleza. Sheria yao ya 1922 iliitoza nyumba, na kijana asiyekuwa na nyumba ikamtoza kichwa. Kodi hii ilifanya kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kujaza hazina. Ya pili ilikuwa kuwatoa wanaume majumbani kwao, maana sarafu haioti katika shamba la mtama. Aliyetakiwa shilingi ilimlazimu kuuza pamba au kahawa, au kufunga safari ya kwenda kukata mkonge. Habari za vibarua wa mashamba makubwa hazielezeki sawasawa bila ya kutaja cheti cha kodi.

Uhuru haukuizika kodi ya namna hii. Ilififia mwishoni mwa miaka ya 1960, na katika miaka ya 1980 serikali za mitaa zilipofufuliwa ikarudi kwa jina zuri zaidi, kodi ya maendeleo. Jina lilibadilika, tabia haikubadilika. Mwenye ng'ombe mia na mwenye kuku wawili waliitwa mbele ya meza moja, na aghalabu walitakiwa kiasi kimoja. Usawa huu ni kama wa mtu anayewagawia watu wa mji mzima viatu vya kipimo kimoja, kisha akashangaa kwamba wengine wanachechemea. Mgambo walisimama barabarani kukagua stakabadhi, na katika vijiji vingi wanaume walijificha porini msimu wa kodi ulipowadia. Katika wilaya ya Arumeru, mwaka 1998, wananchi waliikataa waziwazi. Ilipofutwa mwaka 2003 hakuna aliyeililia, na haifai kuliliwa.

Ajabu moja ya karne iliyopita ni kwamba waliotoza kodi ya kichwa ugenini walikuja kuionja kwao. Serikali ya Margaret Thatcher iliiweka Scotland mwaka 1989, na England na Wales mwaka uliofuata, kodi ambayo kila mtu mzima wa mahali pamoja alitakiwa kiasi kimoja, kabaila na mfagizi wakiwa sawa. Tarehe 31 Machi 1990 ghasia kubwa zilizuka katikati ya London; kabla ya mwaka kwisha Thatcher alikuwa ameondoka madarakani, na mwaka 1993 kodi ikabadilishwa. Hayo yanajulikana sana. Lisilosimuliwa mara nyingi ni jinsi mambo yalivyopozwa. Mwaka 1991 waziri wa fedha alipunguza kodi ya kila kichwa kwa paundi 140, na ili kuziba pengo akapandisha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 15 hadi asilimia 17.5. Fedha zilitoka kwa watu wale wale. Walioandamana barabarani kuipinga ya kwanza hawakuandamana kwa ajili ya ya pili. Walipokuwa wakitozwa usoni walipiga kelele. Walipotozwa katika bei ya koti na birika walikwenda zao nyumbani.

Colbert, waziri wa fedha wa mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, anasimuliwa kuwa alifananisha sanaa ya kutoza kodi na kumnyonyoa bata bukini: upatikane unyoya mwingi kwa kelele chache. Wengi huitaja kauli hii kwa kucheka. Msomaji aitafakari kidogo, ataona kwamba katika mfano huo raia ni ndege, na kilio chake hakihesabiwi kuwa neno, bali usumbufu kwa anayenyonyoa.

Tanzania ilianza kutoza kodi ya ongezeko la thamani Julai 1998, kwa asilimia 20. Mwaka 2009 ikashushwa hadi asilimia 18. Kwa upande wa hazina ni kodi ya busara. Haihitaji mgambo wala kizuizi cha barabara. Hukusanywa hatua kwa hatua, kutoka kiwandani hadi kwa mwenye duka la jumla, kila mmoja akidai alichotangulia kulipa na kupeleka kilichozidi. Vyakula vingi ambavyo havijapita kiwandani vimesamehewa, na huo ni wema wa kweli kwa maskini. Lakini hebu atazamwe mjane wa kijijini anunuaye sabuni. Kitu kiuzwacho shilingi 1,180 na mfanyabiashara aliyeandikishwa kina ndani yake shilingi 180 za kodi. Duka la kijijini aghalabu ni dogo mno kuandikishwa, wala halina mashine ya kutolea risiti. Hata hivyo kodi imekwisha kuingia katika katoni kabla ya katoni kupakiwa garini. Wataalamu wa uchumi watasema, na ni kweli, kwamba pengine sehemu ya mzigo hubaki kwa muuzaji. Pengine. Sehemu iliyobaki humfuata mjane hadi kisimani anakofulia.

Mjane huyu hajui kwamba ni mlipa kodi. Wala hajui peke yake. Hata mji haujui. Katika hotuba na magazeti, walipa kodi ni wale wenye namba katika daftari la mamlaka ya mapato, na husemwa kwa masikitiko kwamba ni wachache, nao wamewabeba wengine mgongoni. Mtumishi wa ofisini huona katika karatasi ya mshahara kiasi alichokatwa, naye husema kwa haki kabisa, "kodi zetu". Mjane hana karatasi. Akienda zahanati akapewa vidonge bila kulipa, huambiwa kwamba serikali imemsaidia, naye hushukuru. Akiambiwa dawa zimekwisha, hurudi kwake kimya, kwa maana asiyepewa sadaka hana pa kushtaki. Hapa ndipo ubaya wa kodi iliyofichwa ulipo, na hauko katika shilingi. Fedha yake imegeuzwa njiani: ilipotoka mikononi mwake ilikuwa malipo, iliporudi imekuwa fadhila. Karani wa zahanati amfokeaye si lazima awe mtu mwovu. Naye hajui kwamba anamfokea mtu aliyechangia mshahara wake.

John Stuart Mill aliligusa jambo hili katika karne ya 19. Alikiri kwamba kama kodi zote zingekuwa za wazi, watu wangeziona zaidi na wangewabana zaidi watawala wasifuje mali. Lakini aliona pia kwamba watu huchukia kuitoa fedha mkononi kuliko wachukiavyo bei kubwa, na serikali inayotegemea kodi ya wazi peke yake huenda ikashindwa kupata hata kile kinachohitajika kwa mambo mema. Pingamizi hili ni zito. Shule haijengwi kwa falsafa. Yuko atakayesema: ikiwa mwananchi akiona kodi huikataa, na asipoiona huilipa, basi kumficha ni kumtendea hisani, kama mama atiavyo dawa chungu ndani ya uji.

Mfano wa mama na uji una kasoro moja. Mtoto hukua, na mama humngojea akue. Serikali iliyozoea kutia kodi katika uji haina siku iliyoiweka ya kumwambia raia kwamba sasa amekuwa mtu mzima.

Tena, si kweli kwamba mwananchi akiona hukataa tu. Tarehe 15 Julai 2021 Tanzania ilianza kutoza tozo ya miamala ya simu: kwa kila kutuma fedha na kila kuzitoa, kiasi fulani kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kwa kadiri ya fedha zenyewe. Kwa wengi haikuwa kodi kubwa kuliko zote walizokuwa wakilipa. Ilikuwa na sifa ambayo nyingine hazikuwa nayo: iliandikwa. Mtoto aliyemtumia mama yake fedha za unga aliona katika kioo cha simu, chini ya jina la mama, makato yenyewe. Kilio kilichotoka mijini na vijijini hakijapata kusikika kwa ajili ya asilimia 18. Serikali ilieleza kwamba fedha hizo zitajenga vituo vya afya na madarasa, na jambo la kupendeza kwa mtafuta haki ni kwamba mabishano yalihamia huko: madarasa mangapi, wapi, na kwa nini atozwe atumaye na atoaye pia. Raia ambaye kwa miaka 23 hakuwahi kuuliza habari za kodi iliyomo katika sabuni aliuliza habari za shilingi mia chache. Kabla Septemba haijakwisha viwango vilipunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka 2022 vikapunguzwa tena. Huo ni urekebishaji wa kodi uliofanywa na watu kwa sababu tu waliona.

Kenya ilionyesha upande mkali wa jambo lilo hilo. Muswada wa fedha wa 2024 ulisomwa na vijana kifungu kwa kifungu, ukaelezwa kwa lugha nyingi katika simu zao, hata kodi ya mkate ikajulikana kabla haijaingia katika mkate. Pendekezo hilo la mkate liliondolewa mapema, mengine yakabaki. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia Bungeni, watu wakauawa kwa risasi, na kesho yake Rais William Ruto akakataa kutia sahihi. Desemba mwaka uo huo baadhi ya mapendekezo yalirudi katika sheria nyingine, na safari hii barabara zilikuwa tulivu. Damu ile haiwezi kusifiwa kuwa bei ya haki ya kusoma sheria. Lakini asemaye kwamba chanzo chake ni watu kujua kupita kiasi anageuza mambo, kwa maana walichokijua kilikuwa chao.

Hapasemwi hapa kwamba irudi kodi ya kichwa, wala kwamba kodi ya bidhaa ifutwe; nchi maskini isingedumu mwaka mmoja bila yake. Linalodaiwa ni dogo na, kwa sababu hiyo, halina udhuru. Kiasi cha kodi chaweza kupigwa chapa juu ya kitambaa cha sabuni kama ipigwavyo tarehe, kikitoka kiwandani, ili kifike na duka lisilo na mashine. Mwalimu wa hesabu wa darasa la sita aweza kumtuma mtoto dukani na kumwambia arudi na jawabu la hesabu hiyo. Na mtoto huyo, akifika nyumbani na kumkuta bibi yake anafua, atamwambia kiasi alicholipa. Bibi atanyamaza kidogo, ataitazama ile sabuni, kisha atauliza zahanati hufunguliwa saa ngapi.