Tendo Halimfai, Si Mtu Hafai

Mwaka 1960 watafiti watatu wa Johns Hopkins, Baltimore, walieleza kwamba moyo uliosimama unaweza kuzinduliwa kwa kukandamiza kifua kwa mikono, bila kukipasua. Tangu hapo tendo hilo limekuwa na nafasi ya pekee katika tiba. Upasuaji huombewa idhini. Hili hufanywa isipokuwa pawe na aliyelikataa mapema. Kwa kijana aliyeopolewa majini, ni haki kabisa. Kwa bibi wa miaka 90 ambaye moyo, figo na mapafu vimechoka pamoja, kifua kinashindiliwa sentimita 5 hadi 6, mara 100 na zaidi kwa dakika, mbavu zinavunjika, na ule ugonjwa uliousimamisha moyo bado upo palepale.

Kwa hiyo naamini kuna wazee ambao haki yao ni kuachwa wafe bila kushindiliwa. Ila hukumu hiyo ni juu ya tendo, na huteleza upesi ikawa hukumu juu ya mtu: kutoka "halitamfaa" hadi "hafai". Anayeandikiwa asizinduliwe bado anastahili dawa ya maumivu, kugeuzwa kitandani, hata antibiotiki. Wauguzi wazuri wanalijua hili; wodi yenye shughuli nyingi hulisahau.

Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kwamba haki ya mgonjwa, Janet Tracey, ilivunjwa, kwa kuwa agizo la kutomzindua liliwekwa bila yeye kushauriwa. Mahakama ilisema kuhofia kumhuzunisha mgonjwa hakutoshi kuwa sababu ya kumficha. Hoja hiyo inatugusa sisi pia, tunaowaita watoto koridoni kunong'ona na daktari huku baba yao yu macho ndani. Tunaiita heshima. Mimi naona tumemzika kabla ya wakati.

Na mgonjwa akisema anataka azinduliwe, ijapokuwa daktari haoni faida? Mahakama ile ile ilikubali kwamba mgonjwa hawezi kumlazimisha daktari kutoa tiba. Hata hivyo aulizwe anaogopa nini. Huenda hofu yake ni kutelekezwa, kukosa pumzi peke yake usiku, au kufa kabla mwanawe hajafika. Pumzi ina dawa zake, na mwana anaweza kupigiwa simu leo.