Nani Hasa Hao "Wale"?

Jumamosi iliyopita tulikaa watu sita, Watanzania na Wakongo, kwenye Uwanja wa Nelson Mandela hapa Sandton, karibu na ile sanamu yake ya mita 6. Mazungumzo yakafika pale yanapofikaga: wenyeji wa Afrika Kusini. Kaka mmoja, msomi mwenye kazi nzuri, akakata shauri: "Wale ndivyo walivyo. Hawatupendi, basi." Tukatikisa vichwa kukubali. Nami nilitikisa, na hilo limenikosesha raha wiki nzima.

Mama mmoja wa Bukavu hakutikisa. Mei 2008 alikuwa akiishi Alexandra, ng'ambo tu ya barabara kuu ya M1, mashambulizi dhidi ya wageni yalipoanzia huko na kuenea nchini. Watu 62 waliuawa, 21 kati yao raia wa Afrika Kusini wenyewe. Chumba chake kilivunjwa, cherehani ikabebwa.

"Aliyevunja mlango alikuwa jirani yangu," alisema taratibu. "Aliyenificha uvunguni siku mbili naye jirani yangu. Sasa kaka yangu, 'wale' ni wepi?"

"Mama, huo ni ulaini," kaka akajibu. "Mtu mzima awe na msimamo."

Lakini utu uzima wa fikra ni upi? Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliiweka hatua ya mwisho ya kukua kwa fikra katika ujana. Waliomfuata wakaona upo ukuaji mwingine, wa ukubwani: kushika mambo mawili yanayopingana bila kulitupa moja kwa kuwa linasumbua. Wapo watakaosema hiyo ni hulka tu, kuna waliozaliwa wapole. Mama huyu si mpole hata kidogo. Anataka aliyemvunjia afungwe, hata leo. Anachokataa ni kumtia hatiani pamoja naye yule aliyemficha. Huo nao ni msimamo, tena mzito kuliko wa kaka, kwa sababu unamlazimu kumtazama mtu mmoja mmoja.

Utaniambia kaka naye ameumizwa. Sikatai, machungu ya ugeni nayajua. Lakini tunataka watoto wetu wasihukumiwe kwa jina na lafudhi, kisha mezani wanatusikia na "wale" zetu. Na ugeni si wetu peke yetu: hata Mandela, alipoingia Johannesburg mwaka 1941, alipanga chumba hukohuko Alexandra, mgeni kutoka Transkei.

Mama aliaga mapema. Alikuwa anawahi Alex, kumpelekea yule jirani aliyemficha dawa zake za presha.