Sauti Ishindwayo Ina Faida Gani?

Wahenga walisema, "Wengi wape," nasi twakubali kwamba bungeni kura nyingi ndizo zikatazo shauri. Basi huenda nawe, msomaji, umejiuliza: seneta wa upinzani, ajuaye tangu asubuhi kwamba jioni atashindwa, husimama kusema kwa ajili gani? Je, si heri anyamaze?

Kabla hujajibu, tazama yaliyoipata Isiolo. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 ilikuwa na Seneti, na chama cha KADU kilikaa upande wa upinzani. Mwaka 1964 KADU kilivunjwa na viongozi wake wakajiunga na KANU. Mwaka 1966 ikapitishwa sheria ya kuiondoa Seneti. Mwaka 1969 chama cha upinzani cha KPU kikapigwa marufuku. Mwaka 1970, bunge lisilo na chama cha upinzani likapitisha sheria ya kuwakinga askari na watumishi wa serikali wasidaiwe mahakamani kwa matendo ambayo, kwa maneno ya sheria yenyewe, yalifanywa kwa nia njema kwa ajili ya usalama. Matendo hayo ni ya wakati wa vita vya Shifta, tangu Desemba 1963 hata Desemba 1967, katika Mkoa wa Kaskazini-Mashariki na wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Mjane aliyetaka kudai haki ya mumewe alikuta mlango wa hakimu umefungwa.

Sidai kwamba upinzani ungaliishinda sheria ile. Wala sisemi kwamba bungeni hamkuwa na mtu mwenye dhamiri. Nasema hapakuwa na upande ambao kazi yake ni kuuliza. Kura huamua litakalotendwa, lakini haiwezi kuligeuza kosa likawa haki. Na mwenye nguvu ajuaye kwamba ataulizwa hupima tendo lake mapema. Tena neno lililosemwa huandikwa, na kizazi kijacho hulisoma.

Seneti ilirudi mwaka 2013. Mwaka 2022 watu wa Isiolo walimchagua tena Fatuma Dullo wa chama cha Jubilee, kilichokuwa katika muungano wa Azimio ulioshindwa katika uchaguzi wa urais. Na katika miswada ihusuyo kaunti, Isiolo yenye watu wachache ina kura moja, sawasawa na Nairobi.

Walakini haki hii ina wajibu wake. Apingaye kila jambo, hata lililo jema, amefanana na mbwa wa boma ambweka­ye kila apitaye: siku mwizi ajapo, mwenye boma haamki.

Nawe, msomaji, ukiwa miongoni mwa wengi, msikilize aliye peke yake. Ukiwa wewe ndiwe uliye peke yako, sema kwa adabu na kwa hoja, kisha uutii uamuzi. Utakuwa umeshindwa kwa kura, lakini hutakuwa umeshiriki katika kosa kwa kunyamaza.