Tunamshangilia Mchezaji au Kitambaa?



Ndugu wasomaji, swali ninaloleta safari hii halimo kama lilivyo katika vitabu vyetu vya fiqhi, ingawa vipande vyake vimo. Ni hili: Mwislamu anaposhangilia timu ya watu asiowajua, walio mbali naye kabisa, kwa sababu tu ndani yake yumo Mwislamu mwenzake, je, anafanya jema, anafanya upuuzi, au anamtumia mtu huyo bila kumuomba ruhusa? Nitalijadili kwa mfano ninaoufahamu vizuri, nao ni mpira wa kikapu wa wanawake wa vyuo vikuu vya Marekani, hasa konferensi moja ndogo iitwayo Big West.

Konferensi ni ligi ya vyuo. Katika Divisheni ya Kwanza vimo vyuo zaidi ya 350, haviwezi vyote kuchezeana, kwa hiyo vimegawanywa katika makundi. Msimu wa 2023–24 Big West ilikuwa na vyuo 11, kumi vya California na kimoja cha Hawai'i. Kila timu ilikutana na kila mwenzake mara mbili, nyumbani na ugenini, jumla mechi 20, mpaka mwanzoni mwa Machi. Baada ya hapo timu huhamia Henderson, Nevada, jirani na Las Vegas, kwa mashindano ya siku chache ya mtoano. Bingwa wa mtoano huo ndiye anayepata nafasi ya moja kwa moja kati ya timu 68 za mashindano ya taifa, na kwa konferensi ndogo kama hii mara nyingi hakuna nafasi nyingine. Timu inaweza kuongoza msimamo miezi miwili, ikateleza usiku mmoja, ikarudi nyumbani. Sisi tunaosoma hadithi za amali na mwisho wake tunaweza kuona mfano hapo, lakini mimi naona ni dhuluma ndogo, na nitaiacha hivyo.

Aliyetuingiza wengi wetu katika ligi hii ni Diaba Konaté, Mfaransa, mlinzi wa timu ya UC Irvine. (Timu hiyo inaitwa Anteaters, yaani wala mchwa. Vyuo vingine hujiita simba na tai. Hawa wamechagua mnyama mwenye tabia za muhanga wetu.) Konaté aliwahi kuichezea Ufaransa katika timu za vijana, akaenda Marekani kusoma, akacheza Idaho State kabla ya Irvine, na huko Marekani ndiko alikoanza kuingia uwanjani na hijabu. Mwaka 2022 shirikisho la mpira wa kikapu la Ufaransa likaweka katika kanuni zake katazo la kuvaa chochote chenye maana ya kidini, katika ngazi zote za mashindano. FIBA, shirikisho la dunia, lilikuwa limeruhusu hijabu tangu 2017. Kwa hiyo dada huyu alikuwa huru kucheza mbele ya maelfu ugenini, lakini akirudi likizo kwao hawezi kucheza hata mechi rasmi ya mtaa bila kuvua.

Kabla yake alikuwepo Bilqis Abdul-Qaadir wa Massachusetts. Alimaliza shule ya sekondari na pointi 3,070, rekodi ya jimbo lake, akawa wa kwanza kucheza Divisheni ya Kwanza akiwa na hijabu, katika chuo cha Memphis. Alipotaka kwenda kulipwa Ulaya alikuta katazo la FIBA la wakati ule. Akalipigania, katazo likaondolewa mwaka 2017, na yeye miaka yake bora ya kucheza ilikuwa imeshapita. Mlango aliousukuma wakapita wengine.

Sasa turudi kwa mshangiliaji. Pingamizi la kwanza ninalolisikia darsani ni la wakati. Mechi inayoanza saa moja usiku California, hapa Uganda ni saa kumi na mbili asubuhi ya siku ya pili. Ni saa ile ile baada ya Alfajiri ambayo Mtume (s.a.w.) aliiombea umma wake baraka. Ukhti mmoja aliniuliza, tena kwa upole, kama saa hiyo nimeipata kwa ajili ya mitupo huru. Surat al-Muuminun inawasifu waumini kuwa hujiepusha na upuuzi, na hakuna tafsiri niliyosoma inayosema upuuzi ni halali ukiwa na ubao wa matokeo.

Jibu langu si kwamba mchezo ni ibada. Wapo wanaolazimisha kila kitu kiwe ibada ndipo wakikubali, na matokeo yake ni kudanganya nafsi. Jibu langu ni hadithi ya Bi Aisha (r.a.) na Wahabeshi waliokuwa wakicheza na mikuki msikitini siku ya Idi. Imepokewa na Bukhari na Muslim. Maulamaa wameitumia kujadili nani amtazame nani, na mjadala huo ni mrefu. Kwa akhi anayetaka kujua hukumu yake ya kutazama mechi za wanawake, aende kwa sheikh wake, mimi ni msichana na nina masuala yangu. Ninachotaka tukione ni kingine. Bi Aisha hakuwa akicheza. Alikuwa mtazamaji. Na Mtume (s.a.w.) alisimama akimsitiri mpaka yeye mwenyewe akachoka kutazama. Hakumpimia dakika. Tena Bi Aisha alipoisimulia baadaye, aliwataka wasikilizaji wakadirie hamu ya binti mdogo ya kutazama mchezo. Hakuona haya juu ya hamu hiyo. Kwa hiyo kutazama kuna nafasi, na mpaka wake umo humo humo: alichoka, akaondoka. Mtu asiyechoka, anayebeba mechi mpaka kipindi cha saa tatu darasani, ameuvuka.

Hadithi ya pili ninayoipenda zaidi ni ya ngamia. Mtume (s.a.w.) alikuwa na ngamia jike aitwaye al-Adhbaa, asiyeshindwa katika mbio. Akaja bedui na ngamia wake mchanga, akampita. Masahaba wakahuzunika mpaka ikaonekana nyusoni mwao. Wale ni mashabiki, ndugu zangu. Sijui neno jingine la kuwaita. Na Mtume hakuwakemea kwa kuhuzunika. Aliwaambia kwamba Mwenyezi Mungu amejiwekea kuwa hakipandi kitu katika dunia hii ila atakishusha. Hakusema mbio ni ujinga, wala hakutafuta sababu za kumtetea ngamia wake. Naiona kuwa ndiyo adabu nzima ya ushabiki. Machi 2024, ndani ya wiki ya kwanza ya Ramadhani, Irvine waliishinda UC Davis kwenye fainali ya Henderson, ubingwa wao wa kwanza wa mashindano hayo tangu 1995. Tulisema Alhamdulillah. Siku chache baadaye wakaenda Spokane kucheza na Gonzaga, wakatolewa mechi ya kwanza. Nayo ilistahili Alhamdulillah, ingawa ilitoka kwa sauti ndogo zaidi.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la wakati, na sina jibu lake kamili. Mchezo huu umezungukwa na haramu. Ukumbi wa Henderson wakati ule ulikuwa na jina la kampuni ya kukopesha kwa riba. Kamari ndiyo inayolipa sehemu kubwa ya kelele za michezo leo, na imefika mpaka kwa wanafunzi: mwezi ule ule wa Machi 2024 rais wa NCAA, Charlie Baker, aliyataka majimbo yapige marufuku kamari za kubahatisha pointi za mchezaji mmoja mmoja wa chuo, kwa kuwa waliopoteza pesa zao walikuwa wakiwaandama wachezaji kwa matusi. Hapa kwetu vibanda vya kubeti viko hatua chache kutoka misikiti mingi, na baadhi ya vijana wanaojua majina ya vyuo vya Marekani kuliko mimi wameyajua kwa sababu hiyo tu. Mtu asijidanganye kuwa mpira wa kikapu wa wanawake ni mchezo msafi eti kwa kuwa ni mdogo. Ninachoweza kusema ni kwamba soko likijaa wauza divai, muuza ndizi haharamishwi kwa jirani zake; lakini anayekwenda kununua ndizi kila siku inampasa ajue anapita wapi.

Pingamizi la tatu ndilo lililonifanya niandike. Aliniuliza mwenzangu wa bweni, naye ni Mkongo wa Bukavu asiyejali mpira hata kidogo: "Huyo dada wa Irvine akiivua kesho, utaendelea kumfuatilia?"

Fikirini jibu lenu kabla ya kusoma langu.

Katika makundi yetu ya simu picha ya Konaté imezunguka mara nyingi. Chini yake kuna mashaallah, kuna dua, kuna maneno kwamba huyu ndiye mfano wa kuigwa. Ni wachache sana kati ya walioituma waliowahi kuona hata robo moja ya mechi yake. Hawajui kuwa sifa yake ilikuwa ulinzi, kwamba kazi yake ilikuwa kuwasumbua wenye mpira mpaka waupoteze, kazi ambayo haionekani kwenye picha. Na Aprili 2025 binti wa Misri, bara letu hili, Jana El Alfy, alikuwa katika timu ya UConn iliyotwaa ubingwa wa taifa kwa kuifunga South Carolina. Hachezi na hijabu. Sikupokea picha hata moja. Sisemi neno juu ya dini yake, hilo si langu kulipima. Nasema juu yetu: tulikuwa tukitafuta kitambaa, na kichwa kilichokivaa kilikuwa kama msumari wa kukitundikia.

Ubaya wake uko wapi? Kwanza, tunamtwisha mtu mzigo asioukubali. Akikosa mpira wa kikapuni, kwetu inakuwa Uislamu umekosa. Akichoka na dunia kumtazama kichwani, tunamwita dhaifu. Shirikisho la Ufaransa linamwambia: hutacheza ukiwa nayo. Sisi tunamwambia: hatutakupenda bila hiyo. Hayo mawili si sawa. La kwanza ni dhuluma, la pili lina asili katika jambo tunaloliamini kuwa ni faradhi. Lakini kwa msichana aliyesimama katikati, wote wawili wanaongea na kitambaa na hakuna anayeongea naye.

Pili, mapenzi ya namna hii ni rahisi mno. Udugu wa imani ni kweli, na kumpendelea wa kwako hakuhitaji kuombewa radhi. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura, ambako Mwislamu hukaa mlango kwa mlango na Mwislamu mwenzake na lugha yao ni hii ninayoandika, najua utamu wa kuwa na watu wako. Ila Mtume (s.a.w.) alipotuamuru tumsaidie ndugu yetu akidhulumiwa, na akidhulumu kwa kumzuia, alitaja kusaidia, jambo lenye gharama. Kutuma picha hakugharimu kitu zaidi ya vifurushi vya intaneti. Ukitaka kupima kama tunawapenda kweli wachezaji wenye hijabu, usitazame California. Tazama uwanja wa kikapu nyuma ya bweni letu.

Mwenzangu wa Bukavu nilimjibu kwamba ndiyo, ningeendelea, na hakuamini, na ana haki asiamini, maana jibu kama hilo halithibitishwi kwa mdomo. Konaté alimaliza Irvine mwaka huo wa 2024. Timu haina tena mtu wa kutumwa picha yake. Mimi bado natazama, pengine kwa mazoea, pengine kwa kuwa nimewajua wengine: nani hutulia dakika za mwisho, nani hukasirika akitolewa. Hata konferensi yenyewe haitabaki ilivyo. Hawai'i na UC Davis zimeshatangaza kuhamia Mountain West mwaka 2026. Nimeanza kuwasikitikia watu wa Davis, ambao miaka miwili nyuma nilikuwa nikiomba washindwe.

Kuhusu uwanja wa nyuma ya bweni: mwaka jana dada 14 wa jumuiya yetu waliandika barua. Kuna shabiki mkubwa wa Konaté miongoni mwa viongozi walioipokea, na ni kaka mwema, namheshimu. Barua inaomba saa mbili kwa wiki, Jumamosi asubuhi, turubai upande wa barabara, na mtu wa kushika ufunguo wa lango. Ufunguo wenyewe uko kwa mlinzi, ambaye alisema yeye hana pingamizi. Barua bado iko ofisini kwa jumuiya.