Mwenye Lupango, Toboa Ukuta!

Wapendwa wa Kenya, wa Katuba, wa Kamalondo, wa Rwashi, nanyi mnaojenga upya huko Annexe: fungueni Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8. Katikati ya maagizo juu ya ng'ombe aliyepotea na kiota cha ndege, Mungu anamgeukia mjenzi. Anamwagiza anayejenga nyumba mpya aizungushie dari ukingo, ili mtu akianguka kutoka juu, damu yake isidaiwe nyumbani humo. Someni tena, taratibu. Agizo halikumwendea anayetembea darini. Mgeni hakuambiwa ajihadhari. Aliyeshikwa ni mjenzi.

Sisi wa Lubumbashi hatulali darini. Tunalala ndani, mlango umefungwa, kitambaa kimesukumwa chini ya mlango, mbabula ya makala iko katikati ya chumba. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba baridi hushuka chini ya nyuzi 10. Umeme ukikatika, mama aliyejifungua juzi ataingiza mbabula. Mlinzi ataingiza mbabula kibandani. Wafiwa waliojazana kwenye kilio wataingiza mbabula. Simhukumu hata mmoja wao! Ninayemtafuta ni yule aliyejenga chumba kile bila tundu, kisha akapokea garanti ya miezi mingi na kodi juu yake.

Mtaniambia, makala hayana moshi. Neno hilo linaua, ndugu zangu. Kuni zikifuka, macho yanawasha, unakohoa, unatoka nje. Makala yaliyoiva hayakufukuzi, yanakukaribisha. Hewa inayopenya chini ya mbabula inaunguza makala na kuwa kaboni dioksidi. Ikipanda katikati ya makala mekundu inachukua kaboni nyingine, inageuka kuwa monoksidi ya kaboni. Mmewahi kuona ndimi za buluu zikicheza juu ya mbabula? Ni gesi hiyo inaungua. Ndimi zikizimika msidhani imekwisha: sasa inatoka bila kuungua, haina rangi, haina harufu, nayo inajaa chumbani mwenu. Na mnaofunika makala kwa majivu ili yafike asubuhi, mnaipa gesi hiyo usiku kucha wa kufanya kazi yake.

Damu yetu huishika gesi hiyo kwa nguvu inayozidi mara 200 ile inayoshikia oksijeni. Kichwa kinagonga, tumbo linachafuka, miguu inalegea. Anayetaka kuinuka afungue mlango anakuta mwili haumtii. Mwenye mimba ajue zaidi: damu ya mtoto aliye tumboni huikumbatia gesi hiyo kuliko ya mama, na huiachia polepole. Mama anaweza kuwa amekwisha kusimama, mtoto bado yumo hatarini.

Asubuhi majirani wanavunja mlango, na hapo inaanza dhambi ya pili. Hakuna jeraha, hakuna aliyekuwa na homa, watu walikula bukari pamoja jioni. Minong'ono inaanza. Kuna bibi aliyelala chumba cha pili. Kuna mtoto aliyelala karibu na dirisha lililopasuka, naye ameamka mzima. Enyi mnaojiita manabii, mtoto huyo yu hai kwa sababu hewa ilipita pale alipolala! Mnamtwika uchawi kwa kosa la kupumua. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inawaadhibu wanaomsingizia mtoto uchawi katika nchi hii, na mbele za Mungu jambo hilo lilikuwa chukizo kabla ya sheria yoyote kuandikwa. Ikagueni mbabula kwanza.

Inueni macho mtazame shemine kubwa ya kampuni ya madini ya Gécamines. Union Minière, kampuni iliyoitangulia, waliwasha tanuru la shaba hapa mwaka 1911, mji ukiwa na umri wa mwaka mmoja tu, na tangu hapo shemine ndiyo sura ya Lubumbashi. Siisifu, moshi wake umekausha miti na udongo miaka mingi. Lakini inatushuhudia. Tumezaliwa na kuzeeka chini ya shemine, tukajenga maelfu ya vyumba vyenye moto na visivyo na hata bomba la kiganja kimoja.

Ndugu zetu waliohamia Kanada hupasha nyumba kwa tanuru za gesi. Zile za zamani, za nguvu ya kati, hubakiza ndani kama sehemu 80 kati ya 100 za joto. Kinachobaki hupanda na hewa chafu bombani, huku feni ndogo ikiisaidia. Huko mafundi wamejifunza jambo linalotuhusu. Tanuru la namna hiyo likiunganishwa na shemine pana ya zamani ya matofali, hewa inapoa njiani, mvuke unageuka maji yenye asidi, unakula saruji, na uchafu unaweza kurudi ndani. Kwa hiyo wanapitisha ndani yake bomba la chuma la kipimo kinachofaa. Fundi wangu wa Lubumbashi, sikia: kutoboa tundu tu si kujenga shemine. Jikoni, weka kofia ya bati juu ya mbabula, na kutoka hapo bomba lipande wima, lisiwe na mikunjo mingi, litoboe mabati na kupita juu ya kilele cha paa. Lisiishie ndani ya dari, maana huko umeificha gesi juu ya vichwa vya waliolala. Chini ya ukuta acha tundu jingine la kuingizia hewa safi, kwa sababu bomba haliwezi kuvuta kutoka chumba kilichozibwa. Kila mwaka kabla ya baridi, mtu apande aangalie viota na kutu.

Na hata baada ya hayo yote, mbabula isilale na watu. Dirisha lililoachwa wazi kidogo halitoshi. Pasheni maji jioni huko nje, yatieni katika chupa, zifungeni kwa kitambaa, ziwekeni miguuni pa watoto. Jenereta nayo itoke koridoni! Najua mnawaogopa wezi. Ifungeni kwa mnyororo nje, mbali na madirisha, kwa maana injini ya petroli hutoa gesi hiyohiyo kwa wingi wa kutisha.

Ukimkuta mtu amelegea chumbani, fungua kila kitu, mvute nje, usikawie humo. Maziwa hayasaidii hapa; usipoteze dakika kuyatafuta. Mpeleke hospitali ya Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu, na useme wazi kwamba alikuwa chumbani na mbabula, ili apewe oksijeni. Kwa hewa ya kawaida damu huchukua saa 4 hadi 5 kupunguza gesi hiyo kwa nusu. Kwa oksijeni safi ya barakoa ni kama saa moja au moja na nusu. Hata aliyezinduka mwenyewe aende.

Wachungaji wenzangu, makasisi, maimamu, nawasihi. Jumapili zote za mwezi wa tano, na kila Ijumaa msikitini, litangazeni jambo hili pamoja na matangazo ya ndoa na vilio. Kisha, kabla ya mkesha wa kwanza wa msimu wa baridi, zungukeni majengo yenu wenyewe pamoja na fundi, chumba kwa chumba, hadi kile wanamolala walinzi wenu.