Mgeni na Jembe Lake

Kigiriki na Kiswahili hukutana katika neno moja: "xenos", kama "mgeni", ni mtu baki asiyejulikana, na ni huyo huyo akaribishwaye. Nao wahenga walinena: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wagiriki wengi waliohamia Marekani, kabla sheria ya 1924 haijaubana mlango na baada ya ile ya 1965 kuufungua, jembe lao lilikuwa kikaango. Katika mtaa wa Halsted, Chicago, mgeni akawa mwenyeji, akiwaandalia meza wenye nchi.

Je, ukarimu unaolipiwa hubaki ukarimu? Bei haiui wema: mpishi huuza chakula, uso mkunjufu hutoa bure. Hatari iko kwingine. Mkahawa wa jamaa husimama kwa jasho lisilo mshahara: mke jikoni, watoto wakiosha sahani watokapo shule. Baba hujitetea kwamba yote ni yao. Ni kweli, lakini urithi usioombwa nao ni deni. Hata mgeni huachiwa siku mbili kabla ya jembe. Mtoto naye aachiwe utoto wake.